Mpaka wa Upenu

Nyumba ya Mejumaa ilikuwa yake kuanzia makuti ya juu hadi sakafu. Chini ya sakafu palikuwa pa Bwana Haroon. Mgeni akielezwa jambo hili alidhani anataniwa, lakini Majengo nzima ilisimama hivyo: mtu alijenga nyumba yake mwenyewe, kwa boriti zake na udongo wake, juu ya ardhi ya mtu mwingine, na kila mwezi akapeleka kodi ya ardhi. Siku mwenye ardhi akiitaka ardhi yake, mwenye nyumba alikuwa na ruhusa ya kung'oa milango, kushusha makuti na kubeba boriti akaende nazo anakojua. Watu waliishi hivyo, wakaozana na kuzikana hivyo, na hakuna aliyekosa usingizi kwa sababu yake mpaka vita vya Hitla vilipokwisha.

Mejumaa alikuwa mjane wa kuli wa bandarini. Mumewe aliinyanyua nyumba ile ukuta mmoja mmoja, kwa kadiri ya kibarua alichopata, upande wa Majengo unaoelekea Makupa, karibu na reli. Akafa katika chumba cha kaskazini kabla hajapiga lipu ukuta wa mbele. Mke akaupiga lipu mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye ulimi ambao hata wauza samaki waliuogopa. Vyumba vya mbele alipangisha, chumba cha kaskazini akalala yeye, na uani akapika mbaazi na mahamri ya kuuza. Hakuwa na mtoto, hakuwa na kaka, hakuwa na shamba la minazi popote. Alikuwa na nyumba, basi.

Vigingi vilianza kuonekana mvua za masika zilipokatika. Mzungu mmoja wa ofisi ya mji alikuja na watu wa kupima, wakavuta minyororo katikati ya nguo zilizoanikwa, wakapigilia vigingi vyekundu mpaka mlangoni kwa watu. Watoto waliving'oa, vikapigiliwa tena. Mmoja akasema ni barabara, mwingine akasema ni kambi ya askari. Aliyejua alikuwa Joab, mpangaji wa chumba cha pili, Mkristo kutoka bara, mchoraji wa ramani katika ofisi hiyo hiyo. Kwa siku kadhaa alikuwa akipita ukumbini kichwa chini kama mtu aliyevunja sahani ya watu. Mejumaa alimvumilia, kisha akamkalisha uani, akampa chai, akamwambia hatainuka hapo mpaka aseme.

Joab akasema. Vita, alieleza, viliwafundisha wakubwa kwamba meli zinaweza kujaa bandarini na mahali pa kuweka shehena pasipatikane. Sasa walikuwa wamekaa kitako kuulizana: miaka thelathini ijayo, viwanda vya mji huu vitakaa wapi? Kulikuwa na vinu vya mafuta, viwanda vya sabuni, bohari za kahawa na pamba, karakana za malori. Mji wa Kale ulikuwa umejaa hata punda wawili hawapishani, na kisiwa chenyewe cha mji hakitanuki. Ilitakiwa ardhi tambarare, karibu na reli, karibu na Makupa ambako malori huvukia kwenda bara. Kichochoro cha Mejumaa kilikuwa hapo hapo.

"Viwanda gani hivyo?" Mejumaa aliuliza.

"Havijakuwapo bado, Bi Mejumaa. Vitakuja."

Mejumaa aliuweka mwiko chini. Akauliza kama nyumba yake nayo imechorwa. Joab akakiri kwamba haikuchorwa. Kwenye ramani ile, palipo na nyumba za udongo paliachwa peupe, kwa kuwa ardhi ni ya Bwana Haroon na ndiye atakayeuza. Kila mwenye nyumba atapewa kiwanja Changamwe, ng'ambo ya Makupa, akajenge upya kwa boriti zake. Mejumaa alisikia yote, ila lililomkera zaidi lilikuwa lile la kwanza. Kitu ambacho hakijazaliwa kimetandikiwa kitanda, na yeye aliye hai anaambiwa apishe.

Siku ya pili watu wa kichochoro walikusanyika barazani kwa Taib. Huyu alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa kanzu, mtu wa maneno mazuri ambaye hata akikukatia nguo vibaya ulitoka dukani mwake ukishukuru. Walilalamika, wakaapa, wakatukana vigingi. Mwishowe Taib akainua mkono. Serikali, alisema, inavunja nyumba, inavunja hata maduka, lakini msikiti haivunji. Mji huu umejaa misikiti ambayo barabara imelazimika kuizunguka. Basi nyumba moja katikati ya kichochoro iwekwe wakfu, igeuzwe msikiti, isaliwe kabla ya mzungu kurudi. Kiwanda hakitajengwa kikigusana na msikiti, na kichochoro kizima kitapona.

Wazo lilimpendeza kila mtu. Kilichobaki ni nyumba ya nani.

Hapo ndipo kila mmoja alipogundua kwamba ana watoto wengi, au paa lake linavuja, au mlango wake umekaa vibaya. Mejumaa aliwatazama wakizunguka mbuyu kwa zamu. Nyumba yake ilikuwa katikati, ukuta wake wa kaskazini uliielekea kibla sawasawa, na wote walilijua hilo, ila hakuna aliyethubutu kumtajia. Kisha mzee mmoja akasema kwamba jambo hili linataka mwanamume mwenye moyo. Neno hilo lilimchoma. Mejumaa alisimama akafunga leso yake kiunoni na kutamka, mbele ya wote, kwamba nyumba yake ameiweka wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, iwe msikiti, haiuzwi wala hairithiwi. Alisema kwa hasira zaidi kuliko kwa ibada, na mimi sitamtetea kwa hilo. Alitaka kumwaibisha mzee yule, na alitaka nyumba yake isiguswe.

Wanaume walikuja na mashoka. Kuta za vyumba ziliangushwa, wapangaji wakatawanyika, Joab akapata chumba Makupa. Mihrabu ilichongwa kwenye ukuta wa chumba cha kaskazini, pale ambapo kitanda chake kilikuwa. Uani pakatundikwa pazia, wanawake wakapata pa kusalia. Mejumaa akahamia kwa Taib, akalala chumba kimoja na watoto wa Mbodze, mkewe Taib, akijiambia kwamba ni kwa muda tu, kwamba vigingi vitang'olewa na mambo yatatengenezwa. Vipi yatatengenezwa hakujiuliza. Kitu kilichokwisha kupewa Mungu huwezi kukiomba tena ukakitandikia kitanda; alilijua hilo tangu chuo cha Kurani, ila alikuwa amelisukuma nyuma ya kichwa.

Kisha ikaja habari kwamba ofisi ya mji imempelekea kadhi swali. Mtu anaweza kuweka wakfu nyumba iliyosimama juu ya ardhi isiyo yake? Taib aliposikia alikaa chini. Katika maneno yote mazuri aliyoyasema barazani, hilo lilimpita. Wote lilikuwa limewapita. Walikuwa wameishi juu ya ardhi ya mtu muda mrefu hata wakasahau kwamba wako juu ya kitu.

Mejumaa alivaa buibui lake akaenda Mji wa Kale, dukani kwa Bwana Haroon. Mkachi huyu, wa ukoo uliotoka Bara Hindi, alikuwa na ndevu zilizopakwa hina, na alikuwa ameurithi mtaa ule kutoka kwa babake tangu ulipokuwa minazi na vichaka. Waliamkiana kirefu, kama ipasavyo: hali yake, hali ya nyumbani, hali ya watoto, alhamdulillahi, alhamdulillahi. Akaagiza kahawa. Mejumaa alikunywa kikombe kizima kabla hajasema alilojia.

Bwana Haroon alimsikiliza akikunja na kukunjua ncha ya kitambaa. Ofisi ya mji ilikuwa imekwisha kumwita. Hilo Mejumaa alilijua. Mtu aliyeahidiwa bei nzuri kwa ardhi yake yote ana sababu gani ya kuikatia Mungu pande?

"Nyumba ya Mungu haiwezi kuniletea kodi ya ardhi kila mwezi," alisema hatimaye, akitabasamu kidogo. "Wanaadamu watanicheka. Nitaitoa ardhi iliyo chini yake, Bi Mejumaa. Nitasema mbele ya kadhi."

"Hadi wapi, Bwana Haroon?"

"Hadi upenu. Pale maji ya paa yanapodondokea."

Mejumaa alitaka kumbusu mkono. Alitoka akitembea haraka, na kabla hajafika Makupa kichochoro kizima kilikuwa kimepata habari. Mbodze alipiga vigelegele. Sisemi Bwana Haroon alikuwa mwovu. Aliombwa kitu akakitoa, na kile ambacho hakuombwa hakukitaja. Furaha ilimziba Mejumaa asiulize.

Siku moja kabla ya kadhi kuja, Joab alimkuta kwenye bomba la maji. Alisimama mbali kidogo, akijifanya anangoja zamu, na akasema bila kumtazama. Mstari umekwisha kuchorwa. Bwana Haroon amewaambia ofisini kiasi alichotoa, na mzungu hakukasirika hata kidogo. Alichukua kalamu akauzungusha mstari kwenye upenu wa nyumba, pande nne, akaendelea na kazi. Msikiti utabaki. Kichochoro kitakwenda.

"Nimeuchora kwa mkono wangu mwenyewe," Joab alisema. "Na kuna jingine. Kiwanja cha Changamwe ni cha mwenye nyumba. Wewe huna nyumba tena. Kesho kadhi atakuuliza kama kweli ulitoa. Sema hukutoa, Mama. Sema yalikuwa maneno ya mkutano. Utapata kiwanja. Ukisema ulitoa, utakuwa huna hapa wala kule."

Akamsihi asimtaje, maana kazi yake ingekwisha siku hiyo hiyo, akaondoka na ndoo tupu.

Mejumaa alirudi mbio nyumbani. Alimkuta Taib cherehanini, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba msikiti hautakiokoa kichochoro, kwamba wataupita pembeni na kuvunja kila kitu kingine. Taib alimuuliza amelipata wapi neno hilo. Hakuweza kusema. Taib aliondoa mguu kwenye cherehani, akamtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa mbaya kuliko tusi.

"Bi Mejumaa, waanza kuirudia sadaka yako?"

Mejumaa alimwacha na cherehani yake. Usiku wa watu wengine ulikuwa wa kulala. Wake ulikuwa wa kugeuka. Akikana, watu watasema mwanamke yule ndiye aliyetuuza, angevumilia kidogo tungepona, na wataendelea kusema hivyo huko Changamwe mpaka wazikwe. Akikubali, watavunjiwa vile vile, na yeye atabaki mikono mitupu. Nyumba zao hakuweza kuziokoa kwa neno lolote. Yake aliweza. Au angalau mahali pa kuijenga tena.

Kadhi alikuja baada ya sala ya alasiri, akaketi kwenye mkeka karibu na mihrabu. Mzungu hakutaka kuvua viatu vyake vya kamba, akawekewa kiti nje ya mlango, na Joab akasimama kando yake na ramani kwapani, awe mkalimani. Bwana Haroon alikaa na kofia yake ya dhahabu. Watu wa kichochoro walijaa mpaka dirishani. Mejumaa alikuwa uani, nyuma ya pazia, pamoja na wanawake, na Mbodze alikuwa amemshika mkono.

Bwana Haroon aliulizwa kwanza. Akasema wazi: ardhi iliyo chini ya nyumba hii, hadi upenu, ameitoa kwa ajili ya Mungu. Watu wakasema mashallah. Hakuna aliyesikia maneno "hadi upenu" isipokuwa Mejumaa.

"Bi Mejumaa," kadhi aliita, "wanisikia?"

"Nakusikia, Shehe."

"Ulitamka kwamba nyumba hii ni wakfu?"

Mbodze aliubana mkono wake.

"Nilitamka."

"Nia yako ilikuwa nini?"

Mtu mwingine angesema radhi za Mungu, na swali lingeishia hapo. Mejumaa alijaribu kulisema neno hilo, likakataa kutoka.

"Nilitaka nyumba yangu isivunjwe, Shehe. Na za jirani zangu. Mungu nilimtia kati, kama mtu amtiavyo mkubwa katika ugomvi wake."

Minong'ono ilipanda. Mbodze aliuachia mkono. Kupitia upenyo wa pazia, Mejumaa alimwona Taib amefumba macho, na nje ya mlango akamwona Joab ameinua kichwa kwa mara ya kwanza, akimngoja amalizie.

Kadhi aligeuka kuelekea pazia. Alikuwa mtu mwenye haya, na alisema taratibu, kama anayemfungulia mgonjwa mlango. "Kama ilikuwa hila tupu, na moyoni hukumpa Mungu kitu, basi niambie sasa mbele ya watu hawa. Usiogope mtu. Nitajua la kuhukumu, na nyumba itarudi kwako."

Neno moja tu. Changamwe ilikuwa pale mbele yake, kiwanja na boriti zake, vyumba vinne, chumba cha kaskazini. Alilitaka neno hilo kwa mwili wake wote. Lakini alikuwa amesali pale nyuma ya pazia kila siku tangu kuta zilipoangushwa, na siku ya kwanza, wanaume walipoitikia amina kwa pamoja, sauti ilitoka katika chumba kile ambamo mumewe alikata roho bila mtu wa kumsomea Kurani, kwa kuwa ilikuwa asubuhi ya kazi na kila mtu alikuwa bandarini. Alilia siku hiyo mpaka Mbodze akadhani anaumwa. Tangu hapo, kila akisikia amina, alihisi kwamba mumewe sasa anasomewa. Aliitoa nyumba kwa hila, ikatoka kweli, na yeye mwenyewe hakujua ni siku gani.

"Nilianza kwa hila, Shehe," alisema. "Watu walipoanza kusali, niliridhika nayo. Nimeitoa. Siirudii."

Joab aliinamisha kichwa. Ndani, watu walishusha pumzi, na Taib akamshukuru Mungu kwa sauti ambayo ingefika Makupa.

"Msishukuru bado," Mejumaa alisema nyuma ya pazia. "Muulizeni mzungu mstari wapita ndiya gani."

Swali lilipelekwa mlangoni. Mzungu hakuwa na la kuficha. Aliikunjua ramani magotini, akaonyesha kwa kidole, na alionekana amefurahi kwamba jambo limekwisha kwa amani. Joab alitafsiri. Msikiti utaheshimiwa. Mstari unauzunguka kwenye upenu. Nyumba nyingine zote zitabomolewa kabla ya mvua za vuli, na wenyewe watapewa viwanja.

Watu walitazama sakafu, kana kwamba ardhi ya Bwana Haroon imeonekana kwa mara ya kwanza. Bwana Haroon alikuwa akitafuta viatu vyake. Taib alikuja mpaka kwenye pazia, akasimama karibu sana.

"Uliyuwa?"

"Naliyuwa. Nalikwambia."

"Na bado ukasema umeitoa?"

"Wewe ndiwe uliyeniuliza kama nairudia sadaka yangu," Mejumaa alisema. "Basi, sikuirudia."

Taib alitoka mbio kumfuata mzungu, akamwomba mama yule naye aandikiwe kiwanja. Mzungu aliuliza ni nyumba ipi iliyo yake. Taib hakuwa na ya kuonyesha. Lilikuwa jambo jepesi namna hiyo, na maneno yake mazuri yote hayakumfaa kitu.

Kichochoro kilihamishwa. Boriti zilivukishwa Makupa kwa mikokoteni, milango ikiwa juu, wanawake nyuma na vyungu. Mbodze alimpa Mejumaa chumba cha nyuma katika nyumba mpya ya Changamwe na hakumdai chochote, na Taib hakuweza kumtazama usoni tena; alimshonea mabuibui mawili ambayo hakuyaomba. Mejumaa aliishi hapo akipika mahamri ya wenyewe katika jiko la wenyewe. Kuna siku aliichukia nafsi yake kwa kusema kweli, na siku hizo Mbodze alimwacha peke yake.

Viwanda vilikuja, polepole, kama Joab alivyosema. Bohari ya kwanza ilisimama mashariki ya msikiti na ya pili magharibi. Nyuma, pale uani, palikuwa nje ya upenu, kwa hiyo pazia lilishushwa, ukuta ukajengwa kwenye mlango wa nyuma, na njia ya malori ikapita hapo hapo hadi kwenye reli. Makuli walijaa msikitini kila adhuhuri. Mahali pa wanawake hapakuwapo tena.

Ijumaa moja Mejumaa alikuja kwa miguu kutoka Changamwe, kama ilivyokuwa desturi yake, akapita kati ya bohari mbili na kusimama nyuma ya ukuta, kwenye njia. Alitandika mkeka. Ndani walikuwa wameanza. Alisikia imamu, akainama walipoinama, na ilipofika amina aliisikia vizuri, kwa kuwa ukuta ulikuwa ule ule wa udongo ambao mumewe aliukandika.

Lori lenye magunia ya pamba lilikata kona, likafunga breki hatua chache nyuma yake. Dereva alipiga honi. Alipiga tena. Mwanamke yule alikuwa amesujudu, paji la uso chini, na hakuinuka. Dereva akashuka akamwita mlinzi wa bohari, akamuuliza mama huyu ni nani anayefunga njia ya kazi.

Mlinzi alisema hamjui. Huja kila Ijumaa. Wakasimama wote wawili wakingoja. Mejumaa alitoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, akakunja mkeka wake na kuwapisha.